Kesi ya Mitumba Ni Kesi ya Mukuru Pia

Salamu kwenu nyote wa Mukuru kwa Njenga: wa Wapewape, wa Vietnam, wa Riara, wa Sisal, wa Milimani. Salamu pia kwa majirani zetu wa kwa Reuben, Viwandani na Pipeline. Najua saa hii wengine wenu mmetoka tu kazini Industrial Area na miguu inauma, na wengine mko vibandani, samaki wamo karaini na redio imetundikwa msumarini. Endeleeni na shughuli. Mimi naomba sikio tu.

Leo nataka tuzungumze kuhusu mahakama. Tafadhali usibadilishe stesheni. Najua neno mahakama huku kwetu linatisha, na wengi tunalifahamu kwa habari ya dhamana na faini. Lakini leo nina maswali matatu. Jaji akikaa kusikiliza kesi, je, anaamua apendavyo? Mahakama kubwa ikisema hivi leo, je, mahakama ndogo inaweza kesho kusema vingine? Na la tatu, ambalo ndilo lililonileta hapa: je, kesi ya watu usiowajua, wa mtaa mwingine kabisa, inaweza kukulinda wewe na watoto wako?

Hilo la tatu nalijibu mapema. Ndiyo, inaweza. Na kesi yenyewe naitaja kwa jina, ili mwenye kalamu aandike: kesi ya Mitu-Bell. Narudia, Mitu-Bell.

Sikilizeni ilivyokuwa. Palikuwa na kijiji kikiitwa Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, hapa hapa Nairobi. Kijiji cha mabati kama vijiji vyetu, watu wakizaa, wakisomesha, wakifanya biashara ndogondogo. Septemba mwaka 2011 likatoka tangazo gazetini: ondokeni, mna siku saba. Siku saba, wasikilizaji! Familia zaidi ya elfu tatu ziambiwe zifungashe maisha yao kwa wiki moja, na ziambiwe kupitia gazeti, ambalo wengi wao hata hawakulinunua. Wakakimbilia Mahakama Kuu kupitia chama chao, Mitu-Bell Welfare Society, na mahakama ikatoa agizo la kuzuia ubomoaji. Agizo hilo likiwa bado linafanya kazi, Novemba mwaka huohuo, matingatinga yakaingia na kijiji kikalazwa chini.

Aprili 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki za wale watu zilivunjwa. Hakuishia hapo. Akaiambia serikali irudi mbele yake ndani ya muda aliouweka, imweleze ina mipango gani ya makazi kwa watu kama hawa, na pande zote zikae zitafute suluhisho. Uamuzi mzuri, wakazi wakashangilia. Lakini Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya, waliyoishtaki, ikakata rufaa, na tarehe 1 Julai 2016 Mahakama ya Rufaa ikautupa uamuzi huo. Ikasema jaji akishatoa hukumu yake kazi imekwisha, hawezi kubaki na kesi mkononi akisubiri ripoti. Ikasema pia kwamba alikosea kuegemea miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufurusha watu.

Sasa hapa naomba tusimame kidogo, maana wengi huona kwamba walioumia siku ile ni watu wa Mitumba peke yao. Sivyo. Tangu Julai 2016, jaji yeyote wa Mahakama Kuu, awe Nairobi, Kisumu au Garissa, aliyeletewa kesi ya watu waliofurushwa, alikuwa amefungwa na maneno ya Mahakama ya Rufaa. Hata kama moyoni mwake alimwona mwenzake Mumbi Ngugi kuwa na haki, hata kama alilala usiku akiwaza wale watoto, hakuwa na ruhusa ya kwenda kinyume. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne na nusu. Mtu wa mtaa mwingine, ambaye hakuwahi kukanyaga Mitumba, alikuwa amepunguziwa kinga yake na kesi asiyoijua. Ndiyo maana nasema kesi za wenzetu ni zetu. Zikishinda tunapata wote, na zikishindwa tunapoteza wote.

Utaniuliza, kwani jaji anafungwa na nini? Anafungwa na ngazi ya mahakama zetu. Chini kabisa kuna mahakama za mahakimu, kama ile ya Makadara mnayoifahamu wengi, na mahakama za kadhi. Juu yake kuna Mahakama Kuu, na zilizo sawa nayo kama Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Juu ya hizo kuna Mahakama ya Rufaa. Na juu ya zote ni Mahakama ya Juu, iliyoletwa na Katiba ya 2010. Uamuzi wa juu unamfunga wa chini. Na kwa Mahakama ya Juu jambo hili halikuachiwa mazoea; limeandikwa katika Katiba yenyewe, Kifungu cha 163, sehemu ya 7: mahakama zote, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe, zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Zote. Hakuna hakimu anayeweza kusema, huo ni msimamo wa wazee wa huko juu, mimi nina wangu.

Kwa nini tuwafunge majaji namna hii? Fikiria wapangaji wawili, milango imetazamana, kodi ni moja, mwenye nyumba ni mmoja, na wamefukuzwa usiku mmoja kwa namna moja. Mmoja kesi yake inaenda kwa jaji huyu, mwingine kwa jaji yule. Mmoja alipwe, mwenzake aambiwe aende zake? Wataulizana kesho yake kisimani, na hakuna atakayekuwa na jibu. Haki ikitegemea umeangukia jaji gani, hiyo imekuwa kamari. Na huku kwetu, ambako mtu hana pesa za kujaribu wakili mara tatu, kamari hiyo tunaumia sisi kwanza.

Na Mahakama ya Juu yenyewe je, inafungwa na nani? Inajiheshimu. Mwaka 2013, katika kesi ya Jasbir Singh Rai, ilieleza kwamba itafuata maamuzi yake ya awali, ila inaweza kuyaacha pakiwa na sababu nzito. Si jambo jipya Afrika Mashariki. Zamani, tulipokuwa na mahakama moja ya rufaa pamoja na Uganda na Tanzania, mahakama hiyo ilisema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1970. Kwa hiyo mlango wa kurekebisha kosa upo, lakini haufunguliwi kwa kuchoka au kwa kubadilika kwa serikali.

Turudi Mitumba. Wale wakazi hawakukata tamaa. Walipanda ngazi hadi juu kabisa, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi. Naomba msikilize taratibu, maana hapa kila neno lina uzito.

Kwanza, ilisema haki ya makazi haisubiri uwe na hati ya ardhi. Watu wasio na ardhi wakikaa kwenye ardhi ya umma kwa muda mrefu, wakajenga makao na kulea familia hapo, hawapati umiliki wa ile ardhi, lakini wanapata haki ya makazi ambayo mahakama inaweza kuilinda. Narudia kwa waliokuwa wakikaanga samaki: ardhi haiwi yako, lakini haki ya kutotupwa nje kama takataka inakuwa yako.

Pili, ilisema watu kama hao wakitishiwa kufurushwa kwa sababu ya manufaa ya umma, wana haki ya kwenda mahakamani. Na mahakama inaweza kutoa nafuu mbalimbali: ilani ya muda unaofaa, fidia, hata ardhi mbadala.

Tatu, ilimrudishia Jaji Mumbi Ngugi heshima yake. Jaji anaweza kutoa hukumu na kuendelea kusimamia utekelezaji, mradi afanye hivyo kwa utaratibu. Na ile miongozo ya Umoja wa Mataifa? Si sheria ya kumfunga jaji wa Kenya, lakini anaruhusiwa kuitazama imsaidie. Ndivyo ilivyo pia kwa hukumu za nchi nyingine. Afrika Kusini ina hukumu mashuhuri ya makazi ya mwaka 2000, kesi ya Grootboom. Mawakili wetu huitaja, majaji huisikiliza kwa heshima, lakini haiwafungi. Ya Mitu-Bell inawafunga.

Nikisema kweli yangu, kuna jambo moja linaniuma katika uamuzi huo. Baada ya yote, Mahakama ya Juu iliirudisha kesi Mahakama Kuu ili nafuu za wakazi ziamuliwe huko. Zaidi ya miaka tisa tangu nyumba zibomolewe, na mama wa Mitumba anaambiwa rudi mlango wa kwanza. Sheria iliyojengwa ni njema, na jasho lililoijenga ni la watu ambao hawakuifaidi mapema. Tunapoitumia sisi, tuwakumbuke.

Lakini je, iliwafaa wengine? Iliwafaa. Julai 2021, miezi sita tu baadaye, Mahakama hiyohiyo ilikuwa na kesi ya wakazi wa vijiji vya Upendo na City Cotton, kule South C, waliofurushwa Mei 2013. Pale shule moja ilikuwa inadai kwamba ardhi ni yake. Mahakama ikashika uamuzi wake wa Mitu-Bell, ikautumia, na ikasema namna wale watu walivyofurushwa ilivunja haki zao. Hivyo ndivyo uamuzi mmoja unavyobeba mwingine.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, na hapa nawaomba mzime jiko kidogo.

Uamuzi wa awali haufungi kila kitu. Unafunga pale mambo yanapofanana, na kinachofunga ni kile kiini kilichoamua kesi, si kila neno jaji alilotamka njiani. Mnakumbuka kesi ya Muruatetu? Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema si halali kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila aliyeua. Basi kukawa na msururu. Wafungwa wa wizi wa mabavu wakaomba adhabu zao zipunguzwe, wa makosa ya ngono nao wakaomba, na mahakama kadhaa zikakubali. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi na kusema: sisi tuliamua kuhusu kosa la mauaji, basi. Watu waliokuwa wamepata matumaini wakarudi nyuma. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna kesi imeshaamuliwa, swali la kwanza ni hili: inafanana na yangu?

Na Mukuru inafanana na Mitumba? Kwa namna watu wanavyoishi, inafanana kabisa. Tatizo liko kwenye ardhi. Mitu-Bell inazungumzia ardhi ya umma. Mahakama ilisema wazi kwamba kukaa kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini hakuzai haki ya namna hiyo. Na sote tunajua habari ya Mukuru: sehemu kubwa ya ardhi hii, iliyokuwa ya serikali, iligawiwa watu binafsi na makampuni, hasa miaka ya themanini na tisini, kwa ajili ya viwanda. Sehemu nyingi viwanda havikujengwa. Watu wakajenga nyumba. Leo mtu anaweza kutokea na hati mkononi na kusema, hao wa Mitumba walikuwa kwenye ardhi ya umma, ninyi mko kwenye ardhi yangu, uamuzi ule hauwahusu.

Je, hapo tumekwisha? Hapana, na ni muhimu tuelewe kwa nini.

Kuna uamuzi mwingine wa Mahakama ya Juu, wa Aprili 2023, kutoka Mombasa. Kampuni moja ya Dina Management ilikuwa na hati ya ardhi ya Nyali, karibu na bahari. Serikali ya kaunti iliingia ikabomoa ukuta ili watu wapate njia ya kufika ufuoni. Mahakama ikachimba hadi mzizi wa hati hiyo. Ikaona kwamba mgao wa kwanza, wa mwaka 1989, haukufuata sheria, ijapokuwa aliyegawiwa alikuwa Rais wa nchi wakati huo, Daniel arap Moi. Mzizi ukioza, ikasema, aliyenunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya karatasi, hata kama alinunua kwa nia njema. Na Katiba nayo, Kifungu cha 40, haiilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mnaona uamuzi mmoja unavyoweza kushikana na mwingine? Wakazi wa Mukuru wakiweza kuonyesha kwamba hati fulani ilitolewa kinyume cha sheria juu ya ardhi ya umma, basi Dina inaweza kuifungua njia, na Mitu-Bell ikapita. Sisemi hati zote za Mukuru ni mbovu. Hilo ni la kuthibitishwa, hati kwa hati, mbele ya mahakama. Ninachosema ni kwamba hati peke yake haifungi mjadala, na aliyekuambia inafunga hajasoma maamuzi haya au hataki uyajue.

Tena, hata ardhi ikiwa ya mtu binafsi kwa halali, kuna Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa mwaka 2016. Huyo mwenye ardhi sharti akupe ilani ya maandishi ya miezi mitatu. Kwa ardhi ya umma pia ni miezi mitatu, na ilani itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti la kawaida, na redioni. Ndiyo, redioni, hivi hivi mnavyonisikia mimi. Na siku ya kuondolewa, wanaoifanya kazi hiyo sharti wajitambulishe na waonyeshe idhini, na utu wa watu uheshimiwe. Aliyepewa ilani anaruhusiwa kwenda mahakamani.

Sasa tulinganishe na tuliyoyaona. Uamuzi wa Mitu-Bell ulitoka Januari 2021. Mlikuwa wapi Oktoba na Novemba ya mwaka huohuo? Wengi mlikuwa hapa hapa, mkitazama nyumba zikibomolewa kwa ajili ya barabara. Makumi ya maelfu ya watu waliachwa bila makao, na wakazi walilalamika kwamba hawakupewa ilani ya kutosha. Mnakumbuka zile hema, watoto wakifanyia kazi ya shule juu ya vifusi, mabati yaliyokunjwa yakitumika kama ukuta, na mama mmoja mmoja akiwa amefunga kamba kuzunguka kipande alichosema ndipo nyumba yake ilipokuwa. Wino wa Mahakama ya Juu haukuwa hata na mwaka mmoja.

Hapo mtu anaweza kukasirika na kuuliza: basi huo uamuzi unafunga nini, ikiwa tingatinga halikufungwa? Swali hilo ni la haki na nalijibu bila kuzunguka. Uamuzi wa awali unamfunga jaji. Haumfungi dereva wa tingatinga moja kwa moja. Ili umfikie, lazima mtu aende mbele ya jaji, ataje uamuzi, na apewe agizo. Mitumba walikuwa na agizo na bado wakabomolewa, hilo nalo ni kweli. Lakini aliyebomoa kinyume cha agizo hana pa kujificha baadaye, na kesi yote iliyowapeleka hadi juu ilianza na karatasi ile waliyoipeleka Mahakama Kuu. Bila ile karatasi, kusingekuwa na Mitu-Bell.

Kwa hiyo tufanye nini? Kwanza, tuhifadhi ushahidi wa kukaa kwetu. Mahakama ilizungumzia watu waliokaa muda mrefu na kulea familia. Hilo linathibitishwa kwa kitabu cha kliniki cha mtoto, ripoti za shule, risiti za stima na kodi, kitambulisho, barua ya chifu, picha ya harusi iliyopigwa mlangoni pako. Viweke pamoja, na nakala uiache kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine, maana tingatinga halichagui droo. Na vile vitabu vya kuhesabu kaya vilivyojazwa wakati Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango, Agosti 2017, navyo ni ushahidi. Viongozi wa vijiji, msivipoteze.

Pili, tujue ardhi ya kijiji chetu imeandikwa kwa jina la nani. Kila kijiji kichague watu wachache waende kutafuta rekodi katika ofisi ya ardhi. Ukishajua, ndipo utajua kama kesi yako inafanana na ya Mitumba, au na ya South C, au inahitaji kwanza ya Mombasa.

Tatu, ilani ikibandikwa, msingoje siku ya mwisho. Nendeni kituo cha haki cha jamii kilicho karibu, au kwa wakili, siku hiyohiyo. Hukumu zenyewe mtazipata bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuwasomea.

Nami naitaja tena, kwa mara ya mwisho leo, andikeni mlangoni kama hamna daftari: Mitu-Bell Welfare Society dhidi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya, Mahakama ya Juu, ombi nambari 3 la mwaka 2018, uamuzi wa tarehe 11 Januari 2021. Mtu akija na ilani ya siku saba, mwombeni wakili wenu alitamke jina hilo mbele ya jaji. Jaji akishalisikia, na kesi yenu ikifanana, Katiba inamtaka aufuate uamuzi huo.